Ilimba na Uhandisi: Tahakiki ya Neno "Amebadili Fani"

Katika mazungumzo yetu juu ya elimu ya vijana limezoeleka neno moja ambalo yafaa tulichunguze. Kijana aliyekuwa akisoma muziki anapohamia katika uhandisi au sayansi ya kompyuta, watu husema kwamba "amebadili fani". Wazazi wengi hushukuru, kwa kuwa wanaona mtoto wao amezinduka. Wapenzi wa utamaduni husikitika, kwa kuwa wanaona ngoma imepungukiwa mpigaji mmoja. Ingawa makundi haya mawili yanapingana, yanakubaliana katika jambo moja: kwamba muziki na uhandisi ni ng'ambo mbili za mto, na kwamba avukaye hana budi kuuacha ukingoni mzigo aliokuja nao.

Shabaha ya makala haya ni kuitahakiki imani hiyo. Tutaanza na ala moja ya Wagogo, ilimba, na kuonyesha ujuzi uliomo ndani yake. Kisha tutasimulia kisa kilichotokea hapa Ihumwa, ambacho sisi wenyewe tulikosea ndani yake. Halafu tutazipima hoja zinazosemwa juu ya vijana wa namna hii, na mwisho tutatoa rai kwa walimu na wanafunzi.

Twakiri mapema kwamba sisi si wahandisi wala wanamuziki. Tu watunga mashairi na watumishi wa Serikali, ambao elimu yetu ya darasani iliishia sekondari. Hata hivyo mtunga mashairi naye huishi kwa hesabu. Mshororo wa tarbia tuliyoizoea una mizani kumi na sita, nane katika ukwapi na nane katika utao, na mizani moja ikipungua sikio hulalamika kabla vidole havijamaliza kuhesabu. Kwa sababu hiyo tumejipa ruhusa ya kusema machache juu ya sauti na namba.

Ilimba na hesabu yake

Ilimba ni marimba ya mkono. Ni kisanduku cha mti chenye uwazi ndani, na juu yake vimepangwa vyuma vyembamba ambavyo mpigaji huvibonyeza na kuviachia kwa vidole gumba. Anayeitazama kwa mara ya kwanza huona kitu kidogo cha kupakata. Lakini tukikichunguza kitu hicho sehemu baada ya sehemu, tutakuta kwamba kila sehemu ni jawabu la swali la kiufundi.

Tuanze na vyuma. Chuma kirefu hutoa sauti nzito na chuma kifupi hutoa sauti nyembamba. Fundi hupandisha au hushusha sauti kwa kukisukuma chuma mbele au nyuma, ili sehemu inayotetema iwe ndefu au fupi. Wanafunzi wa Fizikia wajue kwamba uhusiano huu si wa moja kwa moja. Sehemu inayotetema ikifupishwa hadi nusu, na unene wake ukabaki ule ule, mtetemo hauongezeki mara mbili bali mara nne. Ndiyo maana msukumo wa unene wa ukucha huweza kuiharibu sauti iliyotafutwa asubuhi nzima. Fundi akitaka sauti ishuke bila kukigusa chuma, hubandika nta kidogo kwenye ncha. Ncha ikiwa nzito, mtetemo hupungua.

Vyuma vingine havipigwi kabisa. Kazi yake ni kuitikia. Kimewekwa chuma kimoja cha kupigwa, na mahali pengine mwenzake mwenye sauti ile ile. Cha kwanza kikipigwa, cha pili hutetema chenyewe bila kuguswa. Mwitikio huo ndio uipao ilimba sauti pana, kana kwamba nyuma ya mpigaji mmoja wamesimama waitikiaji. Tena kwenye tundu la kisanduku hubandikwa utando mwembamba wa buibui, nao hutoa mvumo unaoichanganya sauti ya chuma na kitu kinachokaribia sauti ya mtu. Mgeni huudhani mvumo huo kuwa kasoro. Mgogo akiukosa husema ala imekufa.

Jambo kubwa zaidi ni mpangilio wa sauti zenyewe. Uzi mmoja unapotetema hautoi sauti moja tu. Hutoa sauti yake kuu, na juu yake sauti nyingine ndogo zenye mtetemo wa mara mbili, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Watafiti wa muziki wa Afrika, miongoni mwao Gerhard Kubik wa Austria, wameonyesha kwamba muziki wa Wagogo umejengwa juu ya ngazi hiyo ya asili, hasa kuanzia sauti ya nne hadi ya tisa. Yaelekea wazee waliisikia ngazi hiyo katika uta wa kupigwa kwa mdomo na katika koo za waimbaji, kisha wakaihamishia kwenye vyuma.

Mwanafunzi na achukue kalamu. Tuseme sauti kuu ina mitetemo 50 kwa sekunde. Sauti ya nne itakuwa 200, ya tano 250, ya sita 300, ya saba 350, ya nane 400 na ya tisa 450. Hizo ndizo hatua za ngazi ya Wagogo. Sasa achukue kinanda cha umeme, cha aina inayotumika makanisani na mashuleni. Kinanda hicho kimegawa oktava moja katika hatua kumi na mbili zilizo sawa, na kila hatua hupatikana kwa kuzidisha iliyotangulia kwa 1.0595 hivi. Kikianzia 200, sauti zake zilizo karibu zaidi na za ilimba zitakuwa 252, 300 kasoro kidogo, 356, 400 na 449. Sauti nne zimekaribiana sana na za ilimba. Lakini ile ya saba imeachana nayo: ilimba yasema 350, kinanda chasema 356. Zikipigwa kwa pamoja, msikilizaji atasikia zikipigana mara sita hivi katika kila sekunde.

Hakuna hata moja iliyo mbovu. Ya ilimba imefuata ngazi ya asili ya sauti. Ya kinanda imefuata mapatano ya watu waliotaka ala moja iweze kupiga nyimbo katika ufunguo wowote. Ni hesabu mbili tofauti, na kila moja ina faida yake na gharama yake.

Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu wa Dodoma aliyefariki Bagamoyo Desemba 2003, aliifahamu hesabu hii kwa masikio na mikono. Alikuwa mwimbaji, mpigaji na muundaji wa ala. Aliunda ilimba kubwa zenye vyuma vingi kuliko kawaida, na mazeze yenye nyuzi nyingi kuliko mbili za mazoea. Alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, na albamu yake ya Chibite ya mwaka 1996 ilisikika nchi nyingi. Ukiuliza kama mtu huyu alikuwa msanii au fundi, swali lenyewe linakosa pa kushika. Aliyeiongezea ilimba vyuma alilazimika kujua kisanduku kitabeba nini, na kila mwitikiaji atakaa wapi. Huo ni usanifu wa chombo, ingawa hakuuandika.

Kisa cha Ihumwa

Tulihamia Ihumwa mwaka 2019, baada ya ofisi yetu kuhamishiwa katika Mji wa Serikali wa Mtumba. Jirani yetu alikuwa mzee mmoja mkulima wa uwele na mtama, ambaye jioni alipiga ilimba mbele ya nyumba yake. Tulimwamkia "Mbukwa", naye alituitikia na kutukaribisha kigoda. Tulikaa hapo jioni nyingi, tukisikiliza na kutunga.

Mjukuu wake alijiunga mwaka huo huo na chuo kimoja kusomea muziki. Alikwenda na ilimba aliyoundiwa na babu yake. Mwaka uliofuata, mwalimu wake mmoja alimwambia kwamba chuma chake cha saba kimetoka nje ya sauti, akamwagiza akilinganishe na kinanda. Kijana alitii, akafanya mtihani, akafaulu. Aliporudi likizo akampigia babu yake. Mzee alisikiliza kitambo, akaichukua ile ilimba, akagonga chuma kile mara tatu, akauliza: "Mwenzake mbona haitikii?"

Msomaji aliyefuata maelezo yetu ya juu anaijua sababu. Chuma cha kupigwa kilikuwa kimehamishwa. Mwitikiaji wake alikuwa amebaki pale pale pa zamani. Vilikuwa vikiitana, sasa haviitani. Lakini wakati huo kijana hakuijua sababu hiyo, na aliporudi chuoni na kuuliza, hakupata wa kumjibu. Aliambiwa kwamba sauti za kienyeji hazina kipimo.

Alimpata wa kumjibu mahali asipotazamia, kwa mwalimu wa Fizikia wa sekondari, aliyempima vyuma vyote kwa programu ya simu na kumwandikia namba katika daftari. Kwa kuziona namba 4, 5, 6, 7, 8 na 9 zikijitokeza katika ala ya babu yake, kijana alitaka kujua zaidi. Akaanza kuuliza jinsi simu inavyoisikia sauti na kuigeuza namba. Akasoma kwamba diski za muziki zilizoanza kuuzwa mwaka 1982 huhifadhi sauti kwa kuipima mara 44,100 katika kila sekunde. Akataka kutengeneza programu ya kompyuta itakayopiga ngazi ya Wagogo bila kuilazimisha ifuate kinanda. Hapo akagundua kwamba hana hisabati ya kutosha. Mwaka 2021 akauacha muziki wa chuoni.

Kurudi nyuma kulikuwa kugumu. Kwa kawaida shahada ya uhandisi hapa nchini hudai ufaulu wa Fizikia na Hisabati za Kidato cha Sita, au stashahada ya fani inayohusiana. Muziki haukuhesabiwa kuwa fani inayohusiana. Alirudia Hisabati na Fizikia za Kidato cha Nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, kisha akaanza upya na masomo ya kompyuta katika ngazi ya astashahada, akapanda hadi stashahada, na mwaka 2025 ndipo akaingia mwaka wa kwanza wa shahada. Familia iliuza ng'ombe wawili. Wenzake alioanza nao sekondari wengi wana kazi na watoto.

Sasa tuseme kosa letu. Kijana alipouacha muziki, sisi tulikuwa wa kwanza kumlaumu. Tulimtungia shairi la kumkanya lenye beti saba, tukalisoma mbele ya watu katika sherehe ya jirani, naye akiwapo. Kiini chake kilikuwa methali isemayo mwacha asili ni mtumwa. Watu walipiga makofi. Babu yake hakupiga. Tulidhani uzee umemchosha.

Mzee alifariki mwaka 2023. Wakati wa matanga watoto waliichezea ilimba yake kuu, vyuma vikasogea, vingine vikachomoka. Baada ya arobaini jamaa walitaka ipigwe, na hapakuwa na mtu ukoo mzima aliyejua kuipanga upya. Wapigaji wawili wazee wa jirani walijaribu, kila mmoja akaipanga alivyoizoea yake, haikutoa sauti tuliyoijua. Kijana alikuja na lile daftari. Alikaa siku nzima akisukuma vyuma, akipima, akisikiliza, akiongeza nta. Jioni akagonga chuma cha saba, na mwenzake akaitika.

Tulirudi nyumbani tukalitafuta lile shairi. Vina vyake vilikuwa sawa na mizani yake ilikuwa kamili. Maneno yake ndiyo yaliyokuwa ya uongo.

Hoja tatu na uzito wake

Hoja ya kwanza husema kwamba muziki ni mchezo, na aliyeuacha akaenda katika uhandisi ametoka katika mchezo akaingia katika kazi. Hoja hii haijui ilimba ni nini. Kama kupanga vyuma viitikiane kwa kipimo kisichokosea ni mchezo, basi na ufundi wa saa ni mchezo. Aidha, hoja hii ni ya kale na tulidhani tumekwisha kuachana nayo. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alilaumu shule zinazomfundisha mtoto kuamini kwamba maarifa ya maana hutoka vitabuni peke yake, na kwamba wazee wa kijijini hawana la kumfundisha. Mwalimu aliyemwambia kijana wetu kwamba sauti za kienyeji hazina kipimo alikuwa akirudia kosa hilo katika chumba cha muziki, mahali tulipotarajia utetezi.

Hoja ya pili ndiyo tuliyoitia katika shairi letu: kwamba aliyeacha muziki amesaliti asili. Hoja hii ina heshima zaidi, kwa kuwa hutoka kwa watu wanaopenda utamaduni. Lakini hupima mapenzi kwa mahali mtu alipoketi badala ya anachofanya. Kijana alipokuwa katika chuo cha muziki aliambiwa akiharibu chuma cha saba, akakiharibu. Alipokuwa katika darasa la kompyuta alikirudisha. Ni wapi alipoitumikia asili ya Wagogo? Hatusemi kwamba kila chuo cha sanaa huharibu, wala kwamba kila darasa la kompyuta huokoa. Twasema kwamba jina la chuo halitoshi kutuambia.

Hoja ya tatu husemwa na watu wenye nia njema, na kwa hiyo ndiyo ya hatari zaidi kwa wanafunzi. Husema kwamba muziki na hisabati ni kitu kimoja, hivyo mwanamuziki mzuri atakuwa mhandisi mzuri bila taabu. Hili si kweli. Sikio lililozoea sauti ya saba halijui kutatua mlinganyo. Kijana wetu aliipata hisabati yake kwa kukesha, na mara mbili alishindwa jaribio. Vilevile hatuwaombi wakuu wa vyuo waondoe masharti ya Hisabati na Fizikia. Daraja la reli halishikiliwi na wimbo, na abiria wa treni ya umeme iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 wana haki ya kutaka aliyelipigia hesabu awe anaijua hesabu. Muziki ulimpa kijana sababu ya kujifunza, na ukampa swali ambalo wenzake darasani hawakuwa nalo. Kazi ya kujifunza ilibaki kuwa yake.

Mifano ya ng'ambo

Njia hii wamepita wengine. William Herschel, mzaliwa wa Hanover, alihamia Uingereza mwaka 1757 akiwa mwanamuziki, na kwa miaka mingi alikuwa mpiga kinanda cha kanisa katika mji wa Bath. Alisoma kitabu cha Robert Smith juu ya hesabu za sauti. Kilipomvutia, akatafuta kitabu kingine cha mwandishi huyo huyo, nacho kilihusu nuru na miwani. Kutoka hapo akaanza kusugua vioo vya darubini kwa mikono yake, na mwaka 1781 akaiona sayari ya Uranus, ambayo hakuna aliyeitambua kuwa sayari kabla yake. Katika maisha yake nadharia ya muziki ndiyo iliyokuwa mlango wa sayansi.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na kompyuta. Mwaka 1957 huko Marekani, Max Mathews, mhandisi aliyependa kupiga fidla, aliandika programu iliyoiwezesha kompyuta kutoa muziki wa sekunde 17. Miaka michache baadaye mwanafunzi wa utunzi wa muziki katika Chuo Kikuu cha Stanford, John Chowning, alisoma makala ya Mathews. Hakuwa na elimu ya uhandisi. Akaenda kumwona Mathews, akarudi na kasha la kadi za programu, akasaidiwa na mwanafunzi aliyeijua kompyuta, akajifunza. Mwaka 1967 sikio lake liligundua kwamba kutetemesha sauti moja kwa sauti nyingine, kwa kasi kubwa, huzaa sauti mpya zenye utajiri mwingi. Ugunduzi huo uliuzwa kwa kampuni ya Yamaha, na kinanda cha DX7 kilichotoka mwaka 1983 kilitokana nao.

Twaomba msomaji aangalie jambo moja katika mifano hii. Herschel alipata kitabu, na Chowning alipata mtu wa kumfundisha na mashine ya kujifunzia. Vipawa vyao tumevisifu sana. Tusisahau kwamba palikuwa na mlango uliokuwa wazi. Kijana wa Ihumwa aliufungua mlango kwa kurudi Kidato cha Nne. Wangapi wenye swali kama lake hawana ng'ombe wa kuuza?

Wajibu wa shule

Yapo mambo ambayo shule zetu zaweza kuyafanya bila kungoja fedha nyingi.

La kwanza ni la walimu wa Fizikia. Somo la mawimbi na sauti hufundishwa kwa waya uliokazwa juu ya ubao na kwa uma wa sauti ulioagizwa kutoka nje. Katika mkoa wa Dodoma, na kila mahali penye marimba au zeze, mwalimu aweza kumwalika mpigaji mmoja wa jirani. Wanafunzi wapime urefu wa kila chuma, wausikilize mtetemo wake, waandike jedwali na kuchora mstari wake. Watakuta wenyewe ile kanuni ya mara nne. Mzee naye aulizwe jinsi anavyojua kwamba chuma kimekaa pake, na jibu lake liandikwe kwa heshima ile ile wanayopewa wanasayansi wa vitabuni.

La pili ni la walimu wa muziki. Kinanda kibaki, kwa kuwa kina kazi yake. Lakini kisiwe hakimu wa ala zote. Mwanafunzi anapoleta sauti isiyolingana na kinanda, swali la kwanza liwe: sauti hii inalingana na nini? Mtafiti Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 na kurekodi muziki wa Wagogo, alitembea na uma za sauti ili apime ala za wenyeji jinsi zilivyo. Mgeni aliona vipimo hivyo vinastahili kuandikwa. Itakuwa aibu sisi wenyewe tukiona havistahili.

La tatu ni la wanaopanga masomo. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65 za Kidato cha Tano, badala ya 16 zilizokuwapo, na za sanaa zikawamo. Ni hatua ya kupongezwa. Yabaki swali la njia baina ya fani na fani. Si lazima cheti cha muziki kihesabiwe kuwa cha uhandisi. Lakini mwanafunzi wa muziki angefundishwa hisabati ya sauti tangu mwanzo, na mwanafunzi wa uhandisi angefundishwa kusikiliza, anayehama asingelazimika kuanza kana kwamba hakuwahi kuingia darasani. Tena asiyehama angekuwa mwanamuziki bora, awezaye kumjibu mwanafunzi anayeuliza kwa nini mwitikiaji amenyamaza.

La nne ni la wanafunzi wenyewe. Unayefikiri kuhama, usihame kwa sababu umeambiwa muziki hauna chakula, wala usibaki kwa sababu umetungiwa shairi. Jiulize ni swali gani unalolibeba, na ni wapi kuna zana za kulijibu. Kisha hesabu gharama bila kujidanganya: miaka, ada, na masomo ya kurudia. Ukihama, hama na ala yako.

Tamati

Tusingependa msomaji adhani kwamba daftari la namba liliurudisha muziki wote wa mzee yule. Halikuurudisha. Lilitupa mahali pa kila chuma. Halikutuambia ni wakati gani alikuwa akikawia kidogo kabla ya kuanza ubeti, wala kwa nini wimbo fulani hakuupiga mvua ikiwa karibu. Mambo hayo kijana anayakumbuka kwa kuwa aliketi na babu yake, na mengine hayakumbuki. Kompyuta yaweza kuhifadhi kilichopimwa. Kisichopimwa bado kinahitaji mtu wa kuketi na mtu.

Basi neno "amebadili fani" tulitumie kwa uangalifu. Kwa wengine ni kweli: wameacha jambo moja na kushika jingine, na hiyo ni haki yao. Lakini wako ambao wameifuata kazi ile ile walikoipeleka zana zake, na sisi tulio nyuma twawaita waliopotea. Lile shairi letu la beti saba tumeliondoa katika diwani tunayoiandaa. Kijana huja Ihumwa kila likizo, na ilimba ya babu yake huwekwa kigodani, mahali pale pale. Tumemwomba atufundishe kusikia tofauti ya 350 na 356. Kwa umri wetu si kazi rahisi, lakini tumeanza kuisikia.